Mshenga na Mgeni Asiyealikwa

Korongo alizunguka nchi nyingi na kote aliropoka kama yuko sokoni. Siku aliyotumwa na Kwale kumposea binti wa Mzee Kanga, aliapa kutumia lugha ya posa tu, liwalo na liwe.

"Mzee wangu, tumeona ua bustanini kwako," alianza.

Mara akamwona Kicheche akinyata nyuma ya Kanga. Korongo akashikilia kiapo chake.

"Kwa ruhusa yako, mzee, nyuma yako amewasili mgeni ambaye hakualikwa."

"Mkaribishe, bwana," alisema Kanga bila kugeuka.

Kicheche akajikunja aruke.

"Toka hapo, zee zima, unaliwa!" Korongo akaropoka.

Kanga akarukia mtini, manyoya matatu yakibaki kinywani mwa Kicheche. Korongo akajua posa imeharibika.

"Binti tumetoa," alisema Kanga akihema. "Ila mgeni kama yule, bwana, siku nyingine mtaje tu kwa jina."