Vidole vya Zamda

Zamda alikuwa msusi, na tangu kioo kimkate mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, vidole vyake vitatu havikuhisi kitu. Daktari aliushona mshipa huo, akamwambia utakua polepole kuelekea ncha za vidole. Ukifika huko, habari za kila anachogusa zitaanza tena kupanda hadi kwenye ubongo. Miezi minane ilikuwa imepita.

Asubuhi hiyo Bwana Kilembe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfunga kitambaa machoni kama kawaida, akamwekea kitu kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada.

“Umeshika nini, dada?”

Wiki zote zilizopita alikuwa akijibu kwamba hajui. Leo alihisi mtambao hafifu, kama wa sisimizi, akakizungusha kile kitu taratibu.

“Kina matundu,” alisema. “Mawili. Hapana, manne. Ni kifungo.”

“Cha shati langu. Kimekatika nikija kazini.”

Zamda alicheka mpaka kitambaa kikalowa machozi, lakini hakukivua.

“Hebu inama, kaka.”

Bwana Kilembe, mtu mzima na heshima zake, aliinama. Zamda alimpapasa utosini.

“Zimeanza kupungua hapa kati.”

“Mke wangu ameshaniambia.”

“Basi tulia, usiinuke.”

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walichungulia mlangoni, wakaona vidole vile vitatu vikizigawa nywele mafungu, moja baada ya jingine.