Uso Mpya wa Mtakatifu Yosefu

Fundi cherehani alipiga goti moja tu. La pili lilikataa katakata.

Mbele yake, kwenye altare ndogo ya pembeni, Mtakatifu Yosefu alisimama na randa yake mkononi. Joho lile lile la kahawia, sandali zile zile. Ila uso ulikuwa mpya. Ule wa zamani ulivunjika siku wanakwaya walipoangusha ngazi wakipamba kanisa, na mchongaji aliyeletwa kutoka mbali akautengeneza upya kwa plasta. Uso huo mpya, mwenye macho aliona wazi, ulikuwa wa muuza nyama.

Pua ile ile iliyojaa majivuno. Paji lile lile pana. Hata mdomo umekaa kana kwamba wakati wowote utasema jambo la kuudhi.

"Padre, mimi simpigii magoti yule mtu," fundi alisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Heri nisali nikitazama ukuta."

Paroko alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Bado hamsemezani?"

"Padre, si unajua alichonifanyia!"

Nani hakujua? Siku ya harusi ya fundi, fundi mwenyewe alipotoka nje kushona kifungo kilichomkatika, muuza nyama alikwenda akaketi kwenye kiti cha bwana harusi. Akapokea pongezi. Akakumbatiwa na shangazi wa bibi harusi, mmoja baada ya mwingine. Fundi aliporudi alimkuta mama mkwe anamlisha keki, naye anatafuna bila haya. Tangu siku hiyo, kila aliposali Baba Yetu na kufika kwenye "kama tunavyowasamehe", fundi alifunga mdomo, akaufungulia mbele, kwenye "usitutie".

"Basi toba yako ni hii," Paroko alisema. "Kila asubuhi, mbele ya Yosefu huyo huyo, mpaka umsamehe. Ukishindwa, mwambie Mungu umeshindwa. Yeye hashangai."

Nyumbani hakupata wa kumtetea.

"Mimi sura ile hainisumbui," mkewe alisema akipakua chakula. "Nimeizoea."

"Umeizoea wapi?"

Mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Fundi alinuna, akala akiwaza ni wapi huko alikoizoea.

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Mama mmoja aliingia na haraka zake, akaomba nusu kilo ya maini. Fundi alisimama, tepu ikining'inia shingoni, akamwonyesha mlango.

"Bucha iko ng'ambo ya barabara! Nani anawatuma mje kunitania?"

Yule mama aliomba radhi, akavuka barabara akitikisa kichwa.

Asubuhi za mwanzo fundi hakusali, alisuta. "Unajiona mtakatifu sasa, eh?" Wanakwaya waliokuwa mazoezini walimtazama yeye, wakamtazama Yosefu, wakaziba midomo kwa viganja. Wanajua, fundi akawaza. Dunia nzima inajua ninavyoonewa.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Kanisa lilikuwa tupu, na mwanga hafifu wa dirishani uliiangukia sanamu upande mmoja. Kwa mara ya kwanza fundi aliona mikunjo midogo chini ya macho yale, ya mtu asiyelala vizuri. Hakuwahi kufikiri kwamba muuza nyama naye huchoka. Kwamba pengine naye hukodolea dari macho akiwaza watoto watakula nini, na asubuhi anavaa sura ya majivuno ili watu wasijue.

"Bwana," akanong'ona, "mimi nimejaribu, siwezi. Weza wewe."

Goti la pili likashuka lenyewe. Akasali Baba Yetu yote, hakuruka neno, machozi yakimdondokea kwenye kola aliyoishona kwa mikono yake.

Hakungoja hasira imrudie. Alitoka mbio na mvua ile ile, akavuka barabara mpaka buchani. Muuza nyama alimwona mlangoni, akashusha kisu taratibu.

"Nimekusamehe," fundi alisema, akihema. "Keki na yote."

Muuza nyama alifuta mikono kwenye aproni. "Nilikuwa na njaa," alisema. "Na wale shangazi hawakunipa hata nafasi ya kufungua mdomo." Akazunguka meza, akamkaribia. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilitaka kukuomba radhi kanisani, mbele ya altare, ila siku hizi siingii. Sanamu ile inanikera. Kila nikiitazama, naona kama inaninunia."

Fundi akamwonea huruma. Kumbe hata mwenyewe sura yake ilimshinda!

"Twende wote," alisema, akamshika mkono. "Utaizoea. Mimi nimeshaanza kuipenda."

Walimkuta mchongaji juu ya ngazi. Alikuwa amerudi kumalizia rangi ya mashavu ya Yosefu. Aliposikia nyayo aligeuka, na brashi ikamponyoka.

Akamtazama mmoja. Akamtazama mwingine. Akamrudia wa kwanza.

"Paroko hakuniambia kwamba ninyi ni mapacha," alisema, akiishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Hebu nisaidieni nimalize kazi ya watu. Yule niliyekuwa namchungulia dirishani akishona, nikamchukua sura bila yeye kujua, ni yupi kati yenu?"