Rangi Kwenye Bandeji

Nilipofungua bandeji ya dada yangu Awoi, ilikuwa imelowa maji ya kijani yenye umanjano.

"Ni usaha tu," Mama alisema. "Kidonda kinajisafisha."

Asubuhi hiyo tulimchinjia Awoi mbuzi kwa kurudi kwake nyumbani Kakuma kutoka hospitali ya Lodwar, alikopasuliwa na kutolewa kifuko cha nyongo. Nilipokuwa nikimpasua mbuzi huyo, nyongo yake ilinimwagikia mikononi. Nilinawa kwa sabuni, lakini kucha zangu bado zilikuwa na rangi ile ile ya bandeji.

Nikamtazama Awoi machoni. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano.

"Si walitoa nyongo?" aliuliza, akijaribu kucheka. "Sasa hii inatoka wapi?"

Nilimpigia simu nesi aliyemhudumia Lodwar.

"Huenda mrija unaoleta nyongo kutoka kwenye ini uliumia, sasa nyongo inavuja tumboni," alisema. "Mlete leo. Usingoje kesho."

Mto unaokatiza barabara ya Lodwar ulikuwa umejaa tangu adhuhuri, na magari yamesimama ng'ambo zote mbili.

"Amesemaje?" Awoi aliuliza.

"Amesema twende Lodwar."

"Na mto je?"

Akajishika tumbo, akainuka polepole, akaanza kutafuta viatu vyake.