Bamba la Mlangoni

Miaka hiyo kila nyumba ya Tanga ilikuwa na bamba la stenlesi mlangoni. Hewa ya bahari ikilitia madoa ya kahawia, mkaguzi wa serikali aliifunga nyumba na wenyewe wakahamishiwa bara, kwani hewa inayokula chuma hicho haimfai binadamu.

Saumu alirudi kutoka hospitali na mwanawe mchanga, akilihofia bamba lake. Alikuwa amelazwa muda mrefu, mvua haikunyesha, na bamba lisilooshwa huliwa na chumvi upesi. Lakini alilikuta linang'aa, na jirani yake Bi Riziki amesimama kando na kitambaa kilicholoa.

"Shikamoo, Bi Riziki. Umelifuta wewe?"

"Marahaba. Kila asubuhi, kwa mgao wangu wa maji. Ningekuacha ukose pa kumlaza mtoto?"

Saumu alimpa mtoto ampakate, machozi yakimtoka. Ndipo alipotupia jicho mlango wa pili. Bamba la Bi Riziki lilikuwa limejaa madoa, mengine yameshachimba vishimo.

"Na lako je?"

"Maji hayakutosha mawili, mwanangu. Mimi niko peke yangu. Bara nako watu wanaishi."

Kesho yake gari la serikali lilikuja kumchukua. Saumu alisimama barazani akimpungia mkono mpaka likapotea, akimwombea kila heri aliyoijua. Mkaguzi akalitazama bamba la Saumu, akaridhika, akapita.

Saumu akaingia ndani, akamlaza mtoto, akavikumbuka vile vishimo vya bamba la jirani, na ijapokuwa joto lilikuwa kali, akafunga madirisha yote.