Mbuzi Aliyekula Mawaridi

Bi Kanga aliyapenda mawaridi yake mno hata hakuthubutu kukata tawi. Yakarefuka, yakachakaa, yakawa yanatoa ua mojamoja. Siku moja Mbuzi mlafi akaruka uzio, akatafuna matawi yote, akabakiza vishina. Bi Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mvua iliponyesha, vishina vikachipua kwa nguvu, bustani nzima ikawa nyekundu. Bi Kanga akakimbilia kwa Mbuzi.

“Nisamehe, dada, njaa ilinizidi!” Mbuzi akasema akirudi nyuma.

“Nikusamehe nini? Njoo uone ulivyonipambia!”

Tangu hapo, kila mvua zikikaribia, Mbuzi hualikwa rasmi.

“Karibu, kaka,” Bi Kanga humwambia akicheka. “Matawi kula ushibe, ila maua uniachie mwenyewe.”