Maboksi Mawili Madogo

Mama mwenye miwani alikuwa ameshatoa pesa za boksi la kuku la familia keshia alipomwinamia na kumnong'oneza, "Mama, acha hilo. Chukua maboksi mawili madogo. Vipande ni vilevile kumi, chipsi zinazidi, na bei inashuka."

Yule mama akatazama ubao wa bei juu ya kaunta. Boksi la familia lilikuwa na picha kubwa ya kung'aa. Madogo yaliandikwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi.

"Asante, mwanangu. Nipe hayo madogo."

Keshia akafurahi. Kazi hii ndiyo iliyomlisha yeye na mdogo wake, lakini roho ilimsuta kila alipoona watu wanavyopigwa mchana kweupe.

Mama akaketi karibu na dirisha. Hakula. Alifungua maboksi yote mawili, akapanga vipande vya kuku kwenye trei, akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Mafuta yakachuruzika hadi kwenye daftari lake, wala hakuyafuta.

Meneja akatoka jikoni mbio hadi kwenye meza ya mama, huku akifunga vifungo vya shati. "Shikamoo, bosi. Hatukujua kama unakuja leo."

Keshia akafunga droo ya pesa.

Mama akamwita keshia kwa kidole. "Binti, umeshawaambia wangapi?"

Mbele ya foleni alisimama baba mmoja na watoto watatu, pesa mkononi.

"Wote," keshia akajibu. "Amebaki baba huyu tu."

Meneja akaenda kufunga mlango kabla mteja mwingine hajaingia.