Wiki ya Kukwangua Meli

Nilisikia kwa msusi kwamba meli ikipandishwa chelezoni kukwanguliwa magamba ya bahari, mabaharia nao hukwanguliwa vichwa, waondolewe yanayowalemea. Niliita uzushi, lakini haukunitoka.

Mwanangu Mwanamkasi, fundi wa injini melini, alipiga simu wiki ya matayarisho, meli yao ikisubiri kupandishwa chelezoni. "Mama, wakubwa wa meli wanatupima mawazo. Ukiwaza sana nyumbani, wanaandika jina lako."

"Na mkate wa sinia niliokutumia?"

"Umefika. Nimelia kama mtoto, wee mama!"

Nikacheka, nikatuma mwingine.

Juzi amerudi, afya tele. Ameniamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mama mwenye nyumba, choo kiko wapi?"

Kina mama, meli ikikaribia chelezo:

Msitume chakula cha nyumbani.

Msimwite mtoto jina la utotoni.

Msimuulize kama amewakumbuka.